Sumaku ikikwenchi leo, kesho yabeba mkondo zaidi. Sababu ni nini hasa?

#1 KijanaWaTudor
Salaam wakuu. Nasomea uhandisi wa umeme hapa Mombasa na mradi wangu wa mwaka wa mwisho nauandika juu ya kwadrupoli za supakondakta (waya ambao ukipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani), zile sumaku zinazobana boriti, yaani mwale, ya protoni kwenye vichapuzi, mashine za kuziendesha protoni kwa kasi kubwa mno. Kuna jambo moja limenikwamisha.

Wabunifu wanaijua kebo yao. Wanajua ikiwa kwenye kelvini 1.9, karibu na baridi ya mwisho kabisa, ndani ya uga wa sumaku wa tesla kadhaa, itabeba ampea ngapi kabla haijarudi kuwa waya wa kawaida. Kisha wanaacha akiba: zile kwadrupoli mpya za LHC, kichapuzi kikubwa cha kule Geneva, zimepangiwa kufanya kazi kwa kama robo tatu tu ya uwezo huo. Hata hivyo sumaku mpya ukiipandishia mkondo mara ya kwanza, mara nyingi hukwenchi kabla ya kufika hapo. Unaipoza tena, unapandisha, inapita pale ilipoangukia jana na kuangukia juu kidogo. Hivyo hivyo mpaka ifike. Yaani inazoezwa.

Dai langu: mhalifu ni epoksi. Koili za niobi-bati, aina moja ya supakondakta, humiminiwa epoksi, gundi inayoganda ngumu; epoksi ikipozwa hupasuka, na kila ufa hutoa joto. Nyufa zikiisha, sumaku imetulia. Nani apinga?

#2 BwanaMahamri
Kabla hatujapinga, tueleze sisi wa barazani. Kwadrupoli ni kitu gani na yafanya kazi gani? Na hiyo kwenchi ni ugonjwa au ni hitilafu?

#3 Maalim_Majengo
Namjibu Bwana Mahamri, kijana apumue.

Ndani ya kichapuzi kuna sumaku za aina mbili kubwa. Dipoli, yenye ncha mbili, kazi yake kuipindisha njia ya protoni ifuate mviringo. Kwadrupoli ina ncha nne, kaskazini na kusini zikipishana kuzunguka tundu. Katikati kabisa ya tundu uga ni sifuri, protoni inapita bila kuguswa. Ikitoka katikati kidogo inasukumwa kidogo, ikitoka zaidi inasukumwa zaidi. Ndiyo maana nguvu ya kwadrupoli hupimwa kwa tesla kwa kila mita.

Lakini ina sharti gumu: ikibana mlalo, hutawanya wima. Huwezi kuikwepa, hesabu za Maxwell hazikubali. Tiba yake ni kuweka moja, kisha ya pili iliyogeuzwa digrii 90, kisha tena ya kwanza, na kadhalika. Jumla yake inabana pande zote. Courant, Livingston na Snyder walilichapisha wazo hilo mwaka 1952 kule Brookhaven, Marekani. Baadaye ikabainika kwamba Nicholas Christofilos, mhandisi wa lifti wa Athens aliyejisomea fizikia mwenyewe, alikuwa ameshaliombea hataza tangu 1950. Nawaeleza wanafunzi wangu kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka kuna mmoja macho yanamtoka.

Kwenchi ni hivi: kipande kidogo cha kebo kikipata joto hupoteza upitishaji mkuu (ule usupakondakta wake), kinaanza kuwa na ukinzani, ukinzani unazaa joto, joto linasambaa. Kwa sekunde chache koili nzima imekwisha kupashwa na mkondo lazima uondolewe.

#4 FundiKoili_Changamwe
Mimi sijasomea vichapuzi. Nasuka mota, za pampu na za viwandani, na hilo dai la epoksi silikubali hivi hivi.

Mota ikiletwa imeungua, kitu cha kwanza natazama pale koili inapochomoza kutoka kwenye mfereji wa chuma. Pale ndipo waya hutikisika. Utakuta enameli imesuguliwa mpaka shaba yang'aa, na unga mweusi umeganda kwenye karatasi ya kuhami. Mota iliyonyweshwa vanishi ikashiba, ikaokwa sawasawa, haina unga huo. Waya wenye mkondo ukiwa ndani ya uga husukumwa, na ukipata nafasi utasogea. Kwenye mota joto la kusogea kule si kitu. Kwenye baridi zenu nadhani hata chembe ya joto ni msiba.

Kwa hiyo mimi nasema ni waya unasogea, ukipata pa kukaa unatulia, ndipo kesho mkondo unapanda. Epoksi ndiyo mlinzi, mnamsingizia wizi.

#5 Mkisauni_Ughaibuni
Fundi amegusa penyewe. Nilifanya kazi kwenye maabara ya baridi kali huku Ulaya, naongeza mambo mawili.

La kwanza, hiyo chembe ya joto. Karibu na kelvini 2, shaba na metali nyingine karibu hazina uwezo wa kumeza joto. Kile kiasi ambacho kwa joto la chumba hata kipimajoto hakikioni, kule kinapandisha joto la waya kwa kelvini nzima. Chini ya sehemu moja ya elfu ya juli ikitolewa mahali pamoja huweza kutosha. Waya ukiteleza kwa mikromita chache tu chini ya nguvu kubwa, imekwisha.

La pili ni kwa kijana. Dipoli na kwadrupoli za LHC ya sasa ni za niobi-titani, aina nyingine ya supakondakta, na koili zake hazikumiminiwa epoksi kabisa. Kebo imefungwa utepe wa polimidi (plastiki ya kuhami), na heliamu oevu inapenya mpaka kwenye nyuzi. Na bado zinazoezwa! Mwaka 2015 mashine iliwashwa kwa TeV 6.5 (TeV ni kipimo cha nishati) kwa kila boriti badala ya 7 iliyobuniwa, kwa sababu kuzizoeza dipoli zote hadi juu kungekula muda mno. Kabla ya 2022, ili ifike TeV 6.8, kwenchi za mazoezi zilikuwa mamia. Sasa hapo epoksi iko wapi?

#6 KijanaWaTudor
@Mkisauni_Ughaibuni hoja ya polimidi ni nzito. Lakini mimi nazungumzia niobi-bati, ambayo lazima imiminiwe. Inawezekana zikawa sababu mbili kwa sumaku mbili.

#7 MhandisiKilindini
Hebu tutie tarakimu, maana watu wanasema "nguvu kubwa" bila kujua ukubwa wake.

Kwadrupoli ya kawaida ya LHC, zile 392 za kwenye tao: tundu la koili milimita 56, mteremko wa uga tesla 223 kwa mita. Zidisha kwa nusu ya tundu, mita 0.028, unapata kama tesla 6.2 ukingoni. Niobi-titani inaweza.

Kwadrupoli mpya zinazokwenda karibu na ATLAS na CMS, vigunduzi vinavyonasa migongano ya protoni: tundu milimita 150, mteremko kama tesla 132 kwa mita. Mtu atasema mteremko umeshuka, kwa hiyo kazi imekuwa rahisi. Zidisha tena: 132 kwa 0.075 ni tesla 9.9, na ndani ya koili yenyewe kilele chapita tesla 11. Hapo niobi-titani kwenye 1.9 haifui dafu, lazima niobi-bati.

Nguvu inayoisukuma kila nusu ya koili ni zaidi ya meganewtoni 2 kwa kila mita ya urefu. Hiyo ni kama tani 200. Nimezoea kontena la tani 30 likining'inia kwenye kreni. Hapa ni kama saba yamejazwa pomoni, juu ya mita moja ya koili unayoweza kuikumbatia. Na unataka isisogee hata mikromita kumi.

#8 BwanaMahamri
Kwa nini watake tundu kubwa? Si wangeacha dogo lililokuwepo?

#9 Maalim_Majengo
Kwa sababu wanataka boriti iwe nyembamba zaidi pale inapogongana. Ukitaka kuibana sana mahali pamoja, lazima iwe imenenepa kabla ya kufika, ndani ya kwadrupoli za mwisho. Zile za zamani zilikuwa na tundu la milimita 70, za KEK ya Japani na Fermilab ya Marekani. Haziwezi kuimeza boriti mpya.

#10 BintiMvita_Eksirei
Nasoma kimya tangu asubuhi lakini hapa nina la kusema, maana kwenchi nimeiona kwa macho.

Nafanya kazi ya picha za matibabu. Mashine ya MRI ya tesla 1.5 ina sumaku ya niobi-titani ndani ya heliamu oevu. Hospitali moja niliyowahi kuwa, kipoza-maji cha mashine kilikuwa juu ya paa upande wa baharini. Chumvi ilikula yale mapezi ya alumini mpaka ukiyagusa yanamomonyoka vidoleni. Tukaandika, tukaandika tena. Kipoza-maji kikafa usiku, kompresa ya baridi nayo ikazima, heliamu ikaanza kupungua bila mtu kushughulika. Baadaye ikakwenchi. Mlio kwenye bomba la kutolea ulikuwa wa kutisha, na moshi mweupe ukamwagika juu ya paa. Wagonjwa wa mwambao mzima waliokuwa na miadi wakaambiwa watafute kwingine. Nilikasirika, na mpaka leo nakasirika, kwa sababu kilichokosekana ni matengenezo ya kawaida.

Sasa swali langu kwenu: mbona sumaku ya MRI ikishawekwa uga wake kiwandani, ikasafirishwa kwa meli, ikafika hapa na kuwashwa, hatuoni huko kuzoezwa kwa mara nyingi? Kama ni waya kusogea, safari ya meli na lori ingeutikisa.

#11 Mkisauni_Ughaibuni
Swali zuri sana dada. MRI ina akiba kubwa zaidi na uga mdogo, na kuzoezwa kwake hufanyika kiwandani. Lakini jambo la safari ni fumbo la kweli hata kwa LHC. Sumaku zilizokuwa zimeshazoezwa kwenye benchi la majaribio, zikapashwa hadi joto la chumba, zikabebwa na kushushwa tanurini mita mia hivi chini ya ardhi, zilipopozwa tena nyingine zilisahau. Zikakwenchi chini ya pale zilipokuwa zimefika. Nyingine zikakumbuka. Ramani ya ubunifu ni ile ile.

#12 MhandisiKilindini
@Mkisauni_Ughaibuni ni handakini, tanuri tuwaachie waoka mikate 😄 Mengine nakubali.

#13 MzeeWaKibokoni
Binti, pole. Na hiyo heliamu iliyoruka, hairudi tena. Inapaa mpaka nje ya dunia. Kisha watu wanaijaza kwenye vibofu vya harusi.

Nilisoma kuwa Tanzania wameipata nyingi, kule Rukwa.

#14 MwanaKwale
Kweli mzee. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 chini ya bonde la Rukwa.

Lakini kwa nini mwende mbali? Niobi iko Mrima, Kwale, hapo kusini mwetu. Titani imechimbwa Kwale hiyo hiyo miaka mingi na kupakiwa melini Likoni. Niobi na titani! Hizo sumaku za LHC zina mchanga wa kwetu ndani yake na hakuna anayetutaja.

#15 MhandisiKilindini
Ndugu yangu, nipo bandarini, meli hizo nimeziona. Shehena ya kwanza ya mchanga wa Kwale iliondoka Likoni 2014. Sumaku za LHC zilikuwa zimeshafungwa zote na mashine kuwashwa Septemba 2008. Haiwezekani. Pia sehemu kubwa ya ilmenaiti na rutile, madini ya titani, duniani huishia kwenye rangi nyeupe ya kupaka ukuta. Na uchimbaji wenyewe ulisimama mwishoni mwa 2024.

Niobi ya Mrima bado imo kilimani. Niobi ya dunia karibu yote hutoka Brazili.

#16 MwanaKwale
Sawa kwa LHC ya zamani. Na hizo mpya? 2014 hadi 2024 muda upo.

#17 Mkisauni_Ughaibuni
Titani imo ndani ya hizo mpya, hilo nakuunga mkono. Nguzo ya katikati ambayo koili husukwa kuizunguka ni ya aloi ya titani, na waya wa niobi-bati wenyewe hutiwa titani kidogo ili ustahimili uga mkubwa zaidi. Imechimbwa wapi, hilo halijulikani kwa kuitazama tu.

#18 BwanaMahamri
Mwana Kwale ashinda nusu bao. Turudini kwenye kesi, mshtakiwa epoksi yuko kizimbani tangu asubuhi na wakili wake ni fundi wa mota.

#19 Mkisauni_Ughaibuni
Basi nimlete shahidi. Nta.

Kwanza tuelewane koili ya niobi-bati hutengenezwaje. Niobi-bati yenyewe ni dhaifu, inavunjika. Huwezi kuikunja kuzunguka nguzo. Kwa hiyo unasuka koili nyuzi zikiwa bado ni niobi na bati mbalimbali ndani ya shaba, unaiweka kwenye tanuri (hapa ni tanuri kweli, Mhandisi) kwa siku nyingi hadi kama digrii 650 na kitu, bati linaingia ndani ya niobi, supakondakta inazaliwa. Tangu hapo usiikunje, usiigonge. Kisha unaimiminia epoksi ili kila uzi ushikwe.

Sasa Taasisi ya Paul Scherrer ya Uswisi na Chuo Kikuu cha Twente cha Uholanzi walitengeneza vipande vidogo vya majaribio, kebo ile ile ya niobi-bati ndani ya mfereji, lakini wakabadilisha kinachomiminwa. Epoksi ya kawaida: ilizoezwa kwa mara nyingi. Nta ya parafini: hapakuwa na kuzoezwa. Ilipanda moja kwa moja hadi ukomo wa kebo.

#20 KijanaWaTudor
Ndiyo hayo niliyosema! Ukiondoa epoksi, kuzoezwa kumeondoka.

#21 FundiKoili_Changamwe
Ngoja mwanangu, usikimbie. Nta ni laini. Ndani ya nta waya una uhuru zaidi wa kusogea, kwa hiyo shahidi huyu ananiumiza mimi, nakubali ni hoja. Lakini hakuoneshi wewe kuwa ni nyufa za ndani ya epoksi. Epoksi ikigandia chuma, na chuma na epoksi vikajikunja kwa viwango tofauti kwenye baridi, kitakachotokea kwanza ni epoksi kubanduka kwenye chuma. Naona hata kwenye mota: vanishi hubanduka kwenye mfereji kabla haijapasuka yenyewe. Nta haigandi kwa nguvu, ikibanduka haitoi kitu. Je, joto linatoka kwenye ufa au kwenye kubanduka? Hayo ni mambo mawili.

#22 Mkisauni_Ughaibuni
Fundi, wallahi kuna wanasayansi wanaobishana hilo hilo sasa hivi. Kwenchi nyingi za kuzoezwa kwenye kwadrupoli za niobi-bati hutokea karibu na nguzo, mzunguko wa ndani kabisa. Pale ndipo uga ni mkubwa zaidi, lakini pia pale ndipo koili huvutwa na mkondo kuiacha nguzo. Kila kundi linaona ushahidi wake mahali pale pale.

#23 MhandisiKilindini
Mkiwa mnabishana ni nini kinatoa joto, mimi nauliza mbona msiibane zaidi tu? Ndio ubunifu wenyewe. Kwadrupoli mpya zina ganda la alumini nje, nira ya chuma ndani, koili katikati. Kwenye joto la chumba wanaingiza mifuko bapa ya chuma, wanaijaza maji kwa shinikizo, ganda linatanuka, wanapachika vibanzi vya chuma kwenye nafasi iliyopatikana, wanatoa maji. Njia hiyo ilianzia maabara ya Berkeley. Ikipozwa, alumini inajikunja kuliko chuma, mbano unaongezeka wenyewe. Napenda sana wazo hilo: kazi kubwa inafanywa na baridi, na mkononi unahitaji kibanzi tu.

#24 KijanaWaTudor
Kuna ukomo Mhandisi. Niobi-bati ukiibana hadi megapaskali 150 au 200 huanza kuharibika na hairudi. Na kwadrupoli za majaribio za Marekani zilipopimwa kwa mbano tofauti tofauti, zilifanya vizuri hata kwa mbano mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Lau ingekuwa ni kusogea tu, kupunguza mbano kungeziua.

#25 FundiKoili_Changamwe
Hapo umenipiga kijana. Nitafikiri.

#26 ShangaziWaLikoni
Mimi nasoma tu na nimechelewa feri kwa sababu yenu. Swali: si ndio kwadrupoli ililipuka kule Geneva mwaka 2008, ikavunja mashine yote? Ilikuwa ni haya mazoezi?

#27 Maalim_Majengo
Shangazi, matukio mawili yameungana hapo. Tarehe 27 Machi 2007, kwadrupoli za karibu na kigunduzi zilipojaribiwa kwa shinikizo la gesi, viegemezo vya ndani vikavunjika. Mkondo haukuwepo, ilikuwa ni mekanika tupu: hesabu haikuhesabu nguvu ya shinikizo la kusukuma upande mmoja. Zikatengenezwa humo humo handakini.

Tarehe 19 Septemba 2008, siku chache baada ya kuwashwa, ni kiungo cha umeme kati ya dipoli na kwadrupoli kilichokuwa kibovu. Kikayeyuka, cheche ikatoboa chombo cha heliamu, tani kama 6 zikatoka, na sumaku 53 zikalazimika kutolewa: dipoli 39 na kwadrupoli 14. Koili zenyewe hazikuwa na kosa.

#28 ShangaziWaLikoni
Shukran Maalim. Kiungo kimoja!

#29 BintiMvita_Eksirei
Kiungo kimoja, kipoza-maji kimoja. Ni yale yale yaniumayo.

Turudi. Sumaku zinazokwama na hazipandi tena, mnazieleza vipi? Hizo si mazoezi.

#30 Mkisauni_Ughaibuni
Hapo angalau pana jibu. Sumaku inayozoezwa hukwenchi leo hapa, kesho pale, na mkondo unapanda. Iliyoharibika hukwenchi mahali pale pale na mkondo ule ule. Kwadrupoli za mwanzo za mita 7 za CERN, maabara yenye LHC, zilikomea chini ya ilivyotakiwa. Walizikata koili, wakazisugua, wakazitazama kwa hadubini: nyuzi za niobi-bati zilikuwa zimevunjika ndani. Wakabadilisha hatua kadhaa za utengenezaji, zilizofuata zikafika.

Ila msisahau chanzo cha tatu ambacho hakuna aliyekitaja: uga kuruka ndani ya nyuzi zenyewe. Nyuzi za niobi-bati ni nene, mikromita 50 hivi, za niobi-titani ya LHC ni 6 au 7. Kwenye mkondo mdogo, uga ulionaswa ndani ya nyuzi nene huachia ghafla na kutoa joto na spaiki za volteji. Vigunduzi vya kwenchi, ambavyo kwa dipoli za LHC huzima vikiona milivolti 100 kwa milisekunde 10, kwenye niobi-bati vingedanganyika kila mara. Kwa hiyo kizingiti hulegezwa mkondo ukiwa mdogo na kukazwa ukiwa mkubwa.

#31 KijanaWaTudor
Lakini hiyo haielezi kwa nini sumaku ikumbuke. Uga kuruka hakuna kumbukumbu, kesho utaruka vile vile. Kumbukumbu lazima iwe kwenye kitu kilichobadilika kabisa: ufa uliopasuka, gundi iliyobanduka, waya uliohama.

#32 FundiKoili_Changamwe
Na nimeshafikiri. Kuhama ndiko kunakoeleza kusahau! Ufa hauwezi kujiziba. Gundi iliyobanduka haijigandishi tena. Ukiipasha sumaku na kuipoza tena, ikasahau, basi kilichorudi nyuma ni waya. Zile za niobi-titani zisizo na epoksi ndizo mlizosema zilisahau. Za niobi-bati je?

#33 Mkisauni_Ughaibuni
Kwadrupoli mpya za niobi-bati, kwa jumla, zimekumbuka vizuri baada ya kupashwa na kupozwa. Inakubaliana na wewe. Lakini nitakuharibia furaha: kuna dipoli za niobi-titani zilizokumbuka na zilizosahau, ramani moja, na tofauti kubwa ilifuata kiwanda zilikotengenezwa. Kama ni waya kurudi tu, mbona isiwe kwa zote?

#34 Maalim_Majengo
Mikono tofauti, labda. Namna kola za chuma zilivyobanwa, unene wa utepe, mambo ambayo kwenye ramani hayaandikwi.

#35 KijanaWaTudor
Au msuguano tu: uso laini na uso wenye mikwaruzo hauachii waya kwa kiasi kimoja. Sina ushahidi, nakisia.

Wakuu, nitaandika sura mbili badala ya moja, na kwenye ya pili nataka jaribio la kwangu. Heliamu sitaipata. Naitrojeni oevu, kelvini 77, yawezekana. Wale wanaohamilisha ng'ombe wanayo kwenye mitungi yao. Nikimimina epoksi kwenye kipande kimoja cha koili ya shaba, nta kwenye kingine, nikabandika maikrofoni ndogo za piezo juu yake na kusikiliza nyufa zikipozwa, je, ni kazi ya maana?

#36 MhandisiKilindini
Ni ya maana kuliko unavyodhani. Sehemu kubwa sana ya kujikunja kwa epoksi na metali humalizika kabla ya kelvini 77. Utakachokosa ni nguvu ya mkondo.

#37 FundiKoili_Changamwe
Nguvu tutaitia kwa jeki. Koili nitakusukia mimi, nne: ya epoksi, ya nta, ya vanishi yangu, na moja kavu kabisa. Nguzo ya katikati tufanye mbili, moja imepakwa mafuta ya kutenganisha isigandiwe, nyingine mbichi. Iliyopakwa mafuta ikinyamaza na mbichi ikipiga kelele, basi ni kubanduka, na utakuja kunywa chai hapa Changamwe kwa gharama yako.

#38 KijanaWaTudor
Nimekubali fundi. Na ikiwa zote mbili zapiga kelele sawa?

#39 FundiKoili_Changamwe
Basi chai ni juu yangu na epoksi irudi kizimbani.

#40 BintiMvita_Eksirei
Mkifanya, msifanye ndani ya duka lililofungwa. Naitrojeni ikichemka hufukuza oksijeni na pua haitakwambia. Fungueni milango yote, feni iwe inapuliza nje, na mmoja wenu akae mlangoni muda wote. Glavu ziwe pana za kuvulika haraka, si za kubana.

#41 Mkisauni_Ughaibuni
Na bandika piezo mbili kila mwisho wa koili, kijana, siyo moja. Kwa tofauti ya muda wa mlio kufika utajua ufa umetokea karibu na nguzo au mbali nayo, na hilo ndilo tunalobishania.